Mrejesho: gari kukosa nguvu mlimani na pampu ya mafuta

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kwa nini gari langu la petroli linakosa nguvu likipanda mlima, huku fundi akisisitiza tubadilishe pampu. Chujio jipya halikusaidia. Nilifuata ushauri wa kupima presha ya mafuta injini ikiwa inavuta kwa nguvu, kama mlimani, nikaona geji ikishuka kutoka baa 3 (baa ni kipimo cha presha) hadi chini ya 2. Ndipo nikapima umeme kwenye soketi ya pampu, pampu ikiwa inafanya kazi, nikapata volti 10 ilhali betri ilisoma 14, kwa kuwa waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) ulikuwa umeota kutu ya kijani. Tulipousafisha na kuukaza, nguvu zilirudi. Hata hivyo, asubuhi gari bado linachelewa kuwaka, maana presha hushuka mara injini inapozimwa. Nashuku vali ya pampu inayozuia mafuta yasirudi kwenye tangi.