Muziki umetengenezwa chumbani uswahilini, santuri inauzwa Ulaya: ni haki?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima, naomba tulijadili bila matusi.

Mpwa wangu amerudi likizo kutoka Berlin na santuri ya singeli, ule muziki wetu wa kasi wa uswahilini. Santuri kabisa, sahani nyeusi kama zile za wazee wetu. Biti zilizomo zilitengenezwa kwenye chumba cha kupanga hapa hapa mjini, kwa kompyuta moja ya mtumba. Kwenye jalada wameandika kwamba nakala ni 300 tu dunia nzima. Kainunua euro 28, karibu shilingi 80,000. Niliipeleka maskani, vijana wakaipokezana, wakaielekeza juani kutazama mifereji yake. Mmoja akauliza, "Sasa hii unaichomeka wapi?" Mtaa mzima hatukupata gramafoni.

Sipingi singeli kwenda nje. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso pale Mburahati, watu wa mbali ndipo walipojua kwamba Dar kuna muziki unaokimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Vijana wetu wakapanda ndege, wakapiga kwenye matamasha ya Ulaya. Hilo ni jema na nalisema wazi.

Lakini singeli ilikua kwa fleshi na memori kadi, kwa watu kurushiana nyimbo kwenye simu, kwa vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha. Ilienea kwa sababu hakuna aliyeihesabu. Leo mtu anahesabu nakala 300, anafunga mlango, halafu uhaba huo huo ndio anaoupandishia bei. Mimi naona ni dhuluma kwa mtaa ulioizaa.

Fundi sauti, Nairobi

Ndugu, hapo kwa uhaba umewaonea. Santuri ina gharama ambazo haziangalii idadi. Lazima ichongwe sahani mama, ipakwe madini, upatikane mhuri wa chuma, ndipo kiwanda kianze kufyatua. Mhuri ni ule ule, utoe nakala 100 au 800. Lebo ndogo ikifyatua 2,000 na zikauzwa 250, imekwisha. Hizo 300 ni woga wa mtu asiye na mtaji.

Na kazi ya kuchonga si mchezo. Upande mmoja wa inchi 12 unabeba kama dakika 20 kwa sauti nzuri. Ukizidisha, mifereji inabanana na sauti inafifia. Besi ikitawanyika kushoto na kulia, sindano inaweza kuruka, kwa hiyo fundi anaikusanya katikati. Singeli ina vinanda vikali vya juu visivyopumua hata nukta moja, inamtoa fundi jasho. Mtu aliyeketi na kazi ya kijana wa chumbani kwa uangalifu wa namna hiyo ameipa heshima.

Halafu kuna muziki ambao haungepata mahali pengine. Msanii KMRU wa hapa kwetu alitoa albamu ya Peel mwaka 2020 kupitia lebo ya Editions Mego ya Vienna. Sauti ndefu, nzito, zinazosogea polepole. Redio gani ya hapa ingeipiga? Na faili zake zipo mtandaoni, santuri haijamfungia mtu mlango.

Binti wa mpiga gitaa, Morogoro

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Baba yangu alipiga gitaa la besi kwenye bendi moja hapa Morogoro. Wakati ule bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania, sahani zikafyatuliwa Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, njia hiyo ikawa ngumu. Nyumbani hatukubaki na sahani hata moja. Baba alifariki tukiwa na picha mbili tu, sauti yake hatuna.

Miaka mitatu iliyopita nimekuta santuri yao ndogo inauzwa na mkusanyaji wa Uholanzi. Tulichangishana ndugu wanne tukainunua. Kabla gitaa halijaanza, kuna mtu anahesabu "moja, mbili, tatu". Ni baba. Mama alituomba turudishe sindano pale pale mara sita.

Kwa hiyo kaka mleta mada, uchungu wako naujua, maana nimemnunua baba yangu kwa mgeni. Ila isingekuwa santuri, leo ningenunua nini?

Mleta mada

Dada, pole sana. Umenifanya nirudi nyuma kidogo. Basi nasema hivi: santuri zitolewe, lakini katika kila toleo nakala kadhaa zirudi kwa waliotengeneza, mkataba uandikwe kwa Kiswahili, na kazi isajiliwe COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kwa jina la mwenyewe kabla haijavuka mpaka.

Prodyuza, Temeke

Nimewasoma wote. Mimi ni mmoja wa hao vijana wa chumbani. Nilisaini karatasi nne za Kiingereza, nikaelewa jina langu tu. Malipo yakawa santuri kumi. Mbili nimeuza kwa Wazungu waliokuja kunipiga picha, nane ziko uvunguni.

Siumizwi na hizo 300, kaka. Kinachonitesa ni kwamba umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza hadi diski ya kompyuta. Mradi mzima wa albamu ulikuwa humo. Faili nililobaki nalo ni lile la kutumiana kwenye simu, limebanwa mpaka besi imekufa. Kazi yangu yenyewe, kama nilivyoisikia usiku ule nikiimaliza, ipo kwenye hizo sahani, na sina cha kuipigia.

Fundi sauti, Nairobi

Ndugu, mimi nina mashine na sindano nzuri. Tuma mbili, ya pili iwe ya akiba kama ya kwanza ina mkwaruzo. Nitakurudishia faili kamili, sitaki hata shilingi.

Prodyuza, Temeke

Shemeji anapanda basi la Nairobi Ijumaa.

Fundi sauti, Nairobi

Basi mwambie asiziweke dirishani. Zikipigwa jua zinapinda. Aziweke katikati ya nguo, na zisimame wima, zisilaliwe na mzigo.