Miungu wa Wagiriki na binadamu: tuyaite mapenzi?

Dira: Kwa nini visa vya miungu wa Wagiriki kulala na binadamu tunaviita mapenzi? Kwenye tamthilia ya *Ion* ya Euripides, mtunzi wa kale wa Ugiriki, Creusa, binti wa mfalme wa Athene, anamshtaki mungu Apollo waziwazi: alikuwa akichuma maua ya manjano, mungu akamshika mikono na kumwingiza pangoni huku yeye akimlilia mama yake. Huo ni ubakaji.

Nahodha: Usiwachanganye wote. Anchises, mchungaji wa Troya, hakuvutwa na mtu. Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, alimfuata mlima Ida akijidai binti wa mfalme wa Frigia, hata akaeleza anavyojua lugha ya Troya: eti yaya wake alikuwa wa huko. Wa kulaumiwa ni Eos, mungu wa kike wa mapambazuko, aliyemwombea mpenzi wake binadamu, Tithonus, asife, akasahau kumwombea asizeeke. Uzembe wa kike, basi Tithonus akageuka nyenje.

Mwanakombo: "Uzembe wa kike"? Zeus, mfalme wa miungu, aliapa kwa Styx, mto wa kuzimu, kumpa Semele, binadamu aliyempa mimba, chochote, kabla hajasikia anachotaka! Semele akaomba kumwona alivyo hasa, akateketea na mimba tumboni. Hapo mzembe nani?

Nahodha: Dada, Semele alitiwa maneno na Hera, mke wa Zeus, aliyejigeuza yaya kizee. Eos alidanganywa na nani?

Kalamu: Nyenje hayumo kwenye utenzi wa kale wa kumsifu Aphrodite, unaosimulia kisa hiki, ni wa wasimulizi wengine. Mvi zilipoanza, Eos aliacha kulala naye, lakini akaendelea kumlisha nafaka na ambrosia, chakula cha miungu, na kumvika nguo nzuri. Aliposhindwa kuinua hata mkono, akamlaza chumbani, akafunga milango. Ikabaki sauti tu, haikomi.

Mwanakombo: Ahsante. Na Nahodha, mungu wa kike Calypso alimwahidi Odysseus, shujaa aliyekuwa akirudi kwao kutoka vita vya Troya, yote mawili: asife wala asizeeke. Uzembe uko wapi? Tena ndiye aliyewaambia miungu wa kiume ukweli: Demeter, mungu wa kike wa nafaka, alilala na binadamu Iasion kwenye shamba lililolimwa mara tatu, Zeus akamuua Iasion kwa radi. Wao wakizaa na wanawake wa watu, hakuna radi.

Dira: Lakini Calypso alimzuia mtu miaka saba! Mchana analia ufukweni, usiku analala na asiyemtaka. Mwanamume naye hudhulumiwa.

Nahodha: Hilo nakubali.

Kalamu: Msiruke neno moja. Homer, mtunzi wa utenzi wa Odysseus, anasema Odysseus alilia kwa kuwa Calypso hakumpendeza *tena*. Hakusema hakuwahi kumpendeza.

Mwanakombo: Basi hata Creusa mngemtafutia "tena" yake?

Kalamu: Hapana. Creusa hana neno hilo. Ana kilio tu.