Naomba ushauri: ute kwenye vinu vya kukamulia miwa

Wakuu, habari za kazi. Kwenye kiwanda chetu cha sukari, ute mzito unaganda chini ya vinu na kwenye mifereji ya juisi. Ukiushika unavutika, na pH ya juisi inashuka (yaani inazidi kuwa chachu) kabla haijafika kwenye hatua ya kutiwa chokaa. Nahisi ni Leuconostoc, wale bakteria wanaogeuza sukari kuwa dekstrani, yaani huo ute. Inaniuma, maana sukari inapotea kabla ya kuchemshwa!

Tunaosha kwa maji ya moto kila zamu, ute unarudi. Klorini nayo inaishiwa nguvu haraka ikikutana na uchafu wa juisi.

Je, dawa za amonia kwatenari (za kuua vijidudu) zinafaa kudondoshwa kwenye juisi yenyewe, au ni za kuoshea mitambo tu? Na mnaanzia kinu kipi?