Mrejesho: safari ya nyama ya moshi Texas

Wakuu, niliomba ushauri: tukitoka Austin kwa gari na watoto, tukale wapi nyama ya moshi, ilhali mama mkwe hataki kabisa michuzi yenye sukari? Wengi mlisema Lockhart, mji mdogo ulio karibu na Austin. Tumeenda.

Mgahawa wa Black's, uliofunguliwa 1932, ndiko tulikokaa sana. Nyama inauzwa kwa ratili na inakatwa mbele yako. Kidari cha ng'ombe kina ganda jeusi lililojaa pilipili manga, chini yake mstari wa waridi ulioachwa na moshi; ukikining'iniza kidoleni kinapinda bila kukatika. Mama mkwe alikula kikavu, hakusema neno, kisha akaagiza kingine. Anayemjua ataelewa.

Kreuz Market, mgahawa mwingine wa hapo, unapewa nyama juu ya karatasi, sahani hakuna. Watoto walifurahi kuliko walivyofurahia chakula chenyewe. Mahali pengine, sitapataja, mbavu zilikuwa ngumu na bei imechangamka.

Aliyesema tuwahi kabla ya saa sita mchana, ubarikiwe. Foleni baadaye ilifika nje. Wasiokula nguruwe, ulizeni kwanza kuhusu soseji, kwani nyingine huchanganywa.