Darwin na barua 15,000: alikuwa na makarani ama vipi?

Mwalimu_wa_Kisauni:

Wadau, salaam aleikum. Nauliza hili kwa nia njema na tafadhali tusianze ule mzozo wa binadamu na nyani, tushaugombania humu mpaka watu wakablokiana. Swali langu ni la barua tu. Nafundisha bayolojia sekondari, sasa wiki hii kuna mwanafunzi kanibana, ati mwalimu, huyu Darwin wa nadharia ya mageuzi si alizunguka na meli ya Beagle akiwa kijana, 1831 mpaka 1836, akarudi kwao na hakutoka tena Uingereza, tena mtu mwenyewe mgonjwa mgonjwa kajifungia kijijini, hayo ya njiwa wa Uajemi na maua ya Madagaska na nzige wa Natal aliyajulia wapi? Nikamwambia aliandika barua. Darasa zima likaangua kicheko, manake kwa hawa watoto barua ni ile ya kumwita mzazi shule.

Jioni nikalipeleka barazani, huko ndo likaharibika kabisa. Mzee wetu mmoja alofanya kazi bandarini kashikilia kwamba lazima serikali ilimpa makarani na kumlipia stempu, haiwezekani mtu asokuwa na cheo chochote aandikiane na watu kama 2,000. Nilichonacho mimi ni hizo hesabu tu, watu 2,000 hivi na barua kama 15,000 zinazojulikana mpaka sasa, zake na alizoandikiwa. Mwenye kujua anifafanulie: aliziandika saa ngapi, nani alilipa, na zaidi ya yote mtu wa Brazil ama wa Calcutta alikuwa na haja gani ya kumjibu mtu asomjua?

Stempu_Kuukuu:

Mwalimu, mimi nimestaafu posta kwa hivo la stempu niachie. Serikali haikumlipia hata peni. Babake alikuwa daktari mwenye mali, mkewe Emma katoka ukoo wa Wedgwood wale wa vyombo vya udongo, jamaa hakuajiriwa maisha yake yote. Lakini hata hiyo pesa isingemfaa sana kama si mwaka 1840. Kabla ya hapo kule kwao kwa kawaida mlipaji ni yule apokeaye, tena kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, sasa hebu fikiria umwandikie mfugaji usomjua umuulize habari za sungura zake halafu yeye ndo atoe pesa posta, si atakutukana na mama yako. Ikaja posta ya peni moja ya Rowland Hill, nusu wakia kwa peni popote ndani ya Uingereza, na anayetuma ndo anayebandika stempu. Darwin kahamia kijiji cha Down, mkoa wa Kent, 1842. Miaka miwili tu baadaye! Mtu aweza kukaa shamba na dunia ikamfuata mlangoni.

Ng'ambo ilikuwa ghali. Marekani barua ya nusu wakia ilikuwa shilingi nzima mpaka mwisho wa miaka ya 1860, yaani peni 12, na yeye alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, miaka nenda miaka rudi. Umoja wa posta wa dunia ulianzishwa Bern 1874, na hapo mzee kashapita 60.

bint_wa_Kuze:

Hilo la makarani pia hapana. Mwanawe Francis ndo alomsaidia uandishi miaka ya mwisho, na kaandika vizuri sana siku ya babake ilivyokwenda. Anaamka mapema, anatembea kidogo, anakula peke yake, saa mbili asubuhi mpaka saa tatu u nusu anafanya kazi yake nzito, halafu anakuja sebuleni kuangalia posta imeleta nini. Zikiwa chache anafurahi, zikiwa nyingi anaingiwa na wasiwasi. Barua za jamaa anasomewa kwa sauti yeye kalala kwenye kochi. Kujibu ni mchana baada ya gazeti, anakaa kwenye kiti kikubwa karibu na moto, kibao kimelazwa juu ya mikono ya kiti, ndo meza yake hiyo. Kama barua ni ndefu anaandika kwanza rasimu yake nyuma ya karatasi kuukuu za vitabu vyake, mwandiko wenyewe hausomeki, halafu anamsomea mtu anakili. Na kama ni ya mgeni wa nchi nyengine anamwambia Francis ajitahidi aandike vizuri, manake yaenda kwa mgeni. Mimi hapo nilimpenda, wallahi. Akizidiwa na ugonjwa (tumbo lilimsumbua miaka na miaka) Emma anashika kalamu.

Na alimjibu kila mtu, hata wapuuzi. Alisema asipojibu dhamiri inamsuta. Akachapisha fomu ya kuwajibu wasumbufu, ukiandika upuuzi unapata fomu, lakini Francis anasema hakuitumia sana, nahisi aliona haya.

Kitu kimoja ambacho kingenitia wazimu kama ningekuwa mimi niliopewa kazi ya kuzipanga hizo barua: jamaa alikuwa anaandika siku na mwezi, mwaka haweki! Kazi ya kuzikusanya ilianza 1974, Cambridge, Frederick Burkhardt ndo mwanzilishi, na imetoka majuzuu 30, na sehemu kubwa ya muda ilikwenda kwa vitu kama hivyo, kuangalia muhuri wa posta, aina ya karatasi, mgonjwa nani wiki hiyo, ndo wajue hii ni ya 1856 ama 1857. Na barua nyingi alizopokea kabla ya 1862 zimepotea sababu alikuwa anazitunga kwenye vijiti vya chuma, vikijaa anaziteketeza moto. Baadaye ndo akaanza kuziweka. Tena kuweka kwenyewe na mkasi mkononi, anakata kipande chenye habari anayoitaka anakitia kwenye jalada la mada yake, basi leo barua moja nusu iko hapa nusu iko kule.

JongooTudor:

kumbe jamaa alikuwa na grupu la wasapu la dunia nzima na yeye ndo admin 😂

Dau_la_Mtwapa:

Mimi nitajibu lile la mwisho la mwalimu, kwa nini watu walimjibu, manake hilo ndo lenye utamu. Sababu moja ni kuwa aliuliza vitu ambavyo mtu wa kawaida anavijua kuliko profesa. Hakumuuliza mfuga njiwa nadharia, alimuuliza ukimchanganya huyu na huyu kifaranga kinatoka na rangi gani. Yule Tegetmeier alokuwa mtaalamu wa njiwa na kuku London waliandikiana miaka. Ngozi za njiwa zikamjia kutoka Uajemi kwa Murray, balozi, na kutoka India kwa Walter Elliot, na Calcutta kulikuwa na Edward Blyth wa makumbusho, huyo barua zake ni ndefu kama ripoti. Mtu akiulizwa jambo analolijua vizuri na asiloulizwa na mtu mwengine yeyote, ataandika mpaka mshumaa uishe.

Sababu ya pili, alikuwa akikwambia amefanya nini na ulichomtumia. Kuna mtu wa Afrika Kusini, Mansel Weale, alimtumia kwenye barua kipaketi kidogo cha mavi ya nzige. Naam, mavi, posta, mpaka Kent. Wakulima wa Natal, huko huko, walisema nzige wanawaletea magugu mashambani. Darwin kayachambua akatoa mbegu, akazipanda, zikaota nyasi saba za aina mbili, na jambo hilo likaingia kwenye kitabu chake cha asili ya spishi matoleo ya baadaye, na jina la Weale likatajwa. Mwengine, Alfred Newton, alimtumia mguu wa kwale ulokwama donge la udongo. Udongo ulikuwa umewekwa miaka mitatu, jamaa akauvunja akaumwagilia maji chini ya kifuniko cha kioo, ikaota mimea 82. Themanini na mbili kutoka mguu wa ndege mmoja! Sasa wewe mwenye kwale wako hutamwandikia tena?

Sisi watu wa pwani pia linatuhusu, manake swali lake kubwa lilikuwa mimea inavukaje bahari kufika visiwani. 1855 akatia mbegu kwenye chupa za maji ya chumvi nyumbani kwake, baadaye akaandika kwamba katika aina 87, 64 ziliota baada ya kukaa siku 28. Rafiki yake Hooker wa bustani ya Kew hakuamini mwanzoni, basi watoto wa Darwin wakawa wanamuuliza baba kama atamshinda Dokta Hooker. Haya yote tunayajua kwa sababu alimwandikia Hooker mwenyewe, waliandikiana barua zaidi ya 1,000. Shida ikawa mbegu nyingi zinazama, hazielei. Mtu wa Mombasa angemwonyesha nazi na mkoko akapumzika.

Na hilo la Madagaska: Januari 1862 James Bateman, mkuza okidi, alimletea kisanduku cha maua, ndani yake lile la Angraecum lenye mrija wa utamu karibu sentimita 30. Siku hizo hizo kamwandikia Hooker anashangaa ni mdudu gani awezaye kunyonya humo. Akabashiri nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo mwenyewe akaelezwa na wataalamu 1903, Darwin kashazikwa miaka 21.

Nyota_ya_Likoni:

Yote mazuri lakini msipambe sana. Hiyo posta ilipita njia gani? Njia za mabalozi, wamishonari na maafisa wa koloni. 1867 kachapisha karatasi ya maswali kuhusu sura za watu, mtu akishangaa anafungua macho na mdomo na kunyanyua nyusi? akiona haya anaiva uso, kama ngozi yaruhusu kuonekana? Akaitawanya kote, majibu 36 ndo aloyategemea, kadhaa ya wamishonari na wale maafisa wa kuwasimamia wenyeji. Sisi tuliangaliwa nyuso, hatukuulizwa.

Na hapa kwetu hivo hivo. Charles New wa misheni ya Ribe alipanda Kilimanjaro 1871 mpaka kwenye theluji akachuma mimea, ikaenda Kew kupitia kwa John Kirk, balozi mdogo Unguja, mpaka mezani kwa huyo huyo Hooker. Mmea mmoja una jina la New. Walobeba mizigo majina yao mtayapata wapi?

bint_wa_Kuze:

Nyota, kuhusu wabebaji sina la kupinga. Lakini "hatukuulizwa" si kweli yote. Kati ya walojibu ile karatasi ya 1867 yumo Christian Gaika, Mxhosa wa Afrika Kusini, ndugu ya chifu Sandile. Kajibu mwenyewe kwa Kiingereza, kupitia kwa yule yule Weale wa mavi ya nzige, na kitabu cha Darwin cha 1872 kuhusu hizo sura za watu kinamtaja kwa jina na kunukuu maneno yake mara kadhaa.

Nyota_ya_Likoni:

Mmoja. Sawa, nimempokea huyo mmoja.

Mwalimu_wa_Kisauni:

Ahsanteni sana, sikutegemea nusu ya haya. Stempu_Kuukuu hilo la 1840 limenifungua macho. Sasa nataka nichague barua mbili tatu niwasomee darasani kwa lugha nyepesi. Nianzie wapi?

bint_wa_Kuze:

Ziko bure kwenye tovuti ya mradi wa Cambridge, tafuta kwa jina la mtu usitafute kwa mwaka. Wasichana wako wasomee Mary Treat wa New Jersey, aliyekuwa akichunguza mimea inayokula wadudu na Darwin akamtaja kwenye kitabu cha 1875. Halafu Walter Crick wa Northampton, mtu wa biashara ya viatu tu, mapema 1882 alimtumia mbawakawa wa maji alogandwa na kombe dogo (kiumbe cha gamba) mguuni. Darwin kamrudishia maswali kibao na makala yake ikatoka kwenye jarida la Nature kama wiki mbili kabla hajafa Aprili mwaka huo. Mjukuu wa Crick huyo ndo Francis Crick wa DNA, kwa hivo kipindi cha wiki ijayo ushapata pa kuanzia.

Dau_la_Mtwapa:

Na mavi ya nzige usiyaache. Ndo watakayokumbuka.