Riwaya mpya za kihistoria: nataka mwanamke mwenye kazi, siyo wa kusubiri barua

KurasaMia

Wadau habari zenu, naombeni msaada wa vitabu maana nimekwama. Juzi nimemaliza The Frozen River ya Ariel Lawhon, ilitoka 2023, na tangu hapo kila ninachoshika naona hakina chumvi. Kwa ambao hamjakisoma, ni habari za Martha Ballard, mkunga wa kweli kabisa aliyeishi Maine kule Marekani. Mwaka 1789 mto umeganda, ndani ya barafu kuna maiti ya mwanaume, anaitwa Martha aje aikague kwa sababu ndiye anayeijua miili ya watu pale. Anaangalia, anasema huyu kauawa. Anakuja daktari msomi anasema hapana, kazama tu. Naishia hapo nisije nikawamalizia utamu.

Ila kilichonikamata siyo hata hiyo maiti. Ni kwamba huyu mama ana miaka 54, ana watoto wakubwa, yeye na mumewe bado wanapendana (nadra sana kwenye riwaya jamani), na akirudi kuzalisha usiku wa manane, miguu imelowa theluji, bado anakaa na kalamu ya unyoya anaandika nani kajifungua, mtoto wa kike au wa kiume, hali ya hewa ikoje. Daftari hilo lipo kweli, aliliandika kuanzia 1785 mpaka 1812 na uzazi uliomo ni zaidi ya 800. Yaani mtu kaandika vimistari viwili vitatu kila siku miaka 27, na vimistari hivyo ndo vimezaa riwaya.

Sasa ombi langu. Nimechoka na zile za vita vya pili vya dunia ambazo jaladani kuna mwanamke kavaa koti katupa mgongo anaangalia ndege. Sitaki malkia, sitaki binti mfalme. Nataka mwanamke mwenye kazi yake na hiyo kazi niione inavyofanyika, mikono inashika nini. Iwe mpya mpya, kuanzia 2018 hivi. Hamnet ya Maggie O'Farrell nilishasoma, msinitajie.

Mama Wino

Out of Darkness, Shining Light ya Petina Gappah, 2019. Acha vingine vyote uanze na hiki.

Livingstone, yule daktari mzungu mpelelezi, alipofariki 1873 kule Chitambo, ambako leo ni Zambia, watu wake waliuzika moyo wake palepale, mwili wakaukausha, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo wakafika mwaka uliofuata. Kwenye historia utasikia watumishi wake wawili tu, Susi na Chuma, Susi na Chuma, basi. Kumbe msafarani walikuwemo wanawake, na mpishi wake aliitwa Halima, mtu wa kweli siyo wa kutungwa. Gappah kampa Halima sehemu ya kwanza ya kitabu asimulie mwenyewe, na mdomo huo usiulize! Anawasema wapagazi, anawasema wanawake wenzie, daktari mwenyewe wanamwita Bwana Daudi na yeye anashangaa mzima huyu kaacha watoto wake kwao aje kutafuta mto Nile unapoanzia. Na umesema unataka kazi, humu kuna moto, vyungu, nani kapika nini na nani kalalamika.

Tatizo ni moja. Halima akimaliza anachukua Jacob Wainwright, kijana wa misheni, naye anaandika kama anahubiri. Mwandishi kafanya makusudi na naelewa kwa nini, ila nilimkumbuka Halima kama mtu aliyehama mtaa.

pumzi_ndefu

Kama umependa ukunga mtafute Lisa See, Lady Tan's Circle of Women, 2023. Tan Yunxian alikuwa tabibu kweli China enzi za Ming na mwaka 1511 alitoa kitabu cha wagonjwa wake, wote wanawake na wasichana. Utaona shida ilivyokuwa, daktari mwanaume hatakiwi kumgusa mgonjwa wa kike, anakaa nyuma ya pazia na maswali yanapelekwa na mtu wa kati, fikiria unaulizwa habari za hedhi kwa staili hiyo. Yunxian kafundishwa na bibi yake. Halafu yuko rafiki yake Meiling ambaye ni mkunga, na hapo ndo penye utamu, maana tabibu mwenye heshima zake hagusi damu, damu ni ya mkunga, kwa hiyo hata baina ya hao marafiki wawili kuna ngazi na kila mmoja anajua yuko ngazi ya ngapi. Nakutahadharisha tu, mwanzoni kabisa mama yake anaugua miguu iliyofungwa (ile mila ya kuwabana wasichana miguu ibaki midogo), hizo kurasa nilisoma jicho moja limefumba.

Mwandishi huyohuyo ana The Island of Sea Women, 2019, wazamiaji wa kike wa kisiwa cha Jeju, Korea. Wanawake ndo wanaingia baharini kutafuta riziki, wanaume wanabaki na watoto. Wanazama bila mtungi wa hewa, pumzi tu za kifuani, na wakiibuka wanatoa mluzi fulani wenyewe wanauita sumbisori. Nilipofika hapo nilisimamisha kitabu nikajaribu kubana pumzi, sikufika popote. Ila kina mauaji ya 1949 katikati, siyo kitabu cha kusoma ukiwa na huzuni zako.

Kijana wa Rafu

Najua umesema hutaki vita dada ila The Women ya Kristin Hannah, 2024, siyo ile vita unayoikimbia. Ni nesi Vietnam. Chumba cha upasuaji kimeandikwa vizuri sana, majeruhi wanashushwa kwa helikopta na huyu binti jana yake hajui hata kufunga bandeji vizuri. Na akirudi kwao Marekani anaambiwa Vietnam hakukuwa na wanawake.

Mama Wino

Kijana wangu nakubaliana na wewe nusu. Nusu ya kwanza. Baada ya kurudi nyumbani kila baya linalowezekana linamkuta huyo binti, nikawa nahesabu kwa vidole. Ila kilio kipo, sikatai, nililia kama mtoto.

Zamu ya Usiku

Mimi nakuongezea viwili.

The Shadow King ya Maaza Mengiste, 2019. Ethiopia, 1935, Waitaliano wanakuja. Hirut ni mtumishi wa ndani, alichobakiwa nacho ni bunduki ya marehemu baba yake, na bwana mwenye nyumba anaichukua kwa sababu jeshi lina uhaba. Wanawake wanaanza kwa kubeba maji na kufunga vidonda, mwisho wao wenyewe wanashika silaha. Mwandishi amewahi kueleza kwamba baadaye sana ndo aligundua bibi wa mmoja wa wazazi wake alikwenda vitani kweli, ndani ya familia yake mwenyewe na hakujua! Kinataka uvumilivu, hakina alama za kunukuu, mazungumzo na maelezo vimeungana, kurasa 30 za mwanzo nilikuwa narudia rudia. Kiliingia orodha fupi ya tuzo ya Booker 2020.

Cha pili Brotherless Night ya V. V. Ganeshananthan, 2023. Jaffna, Sri Lanka, kinaanzia 1981. Sashi anasomea udaktari huku kaka zake wanaondoka mmoja mmoja, huyu kauawa, yule kaingia kwenye kundi la wapiganaji. Mwanzoni anajimwagia maji ya moto na kijana wa jirani anampasulia mayai juu ya kidonda, yaani huduma ya kwanza ya yai, halafu huyo kijana ndo... soma. Kilishinda tuzo ya Women's Prize 2024 na kwangu ndo bora kuliko vyote vilivyotajwa humu, samahani Mama Wino.

Mama Wino

Samahani haijapokelewa.

KurasaMia

Nimecheka peke yangu jamani. Asanteni sana. Swali dogo, hivi kuna chochote cha namna hii kwa Kiswahili? Hata tafsiri. Mama yangu anasoma sana ila Kiingereza hataki.

Zamu ya Usiku

Tafsiri ipo Peponi, ile Paradise ya Gurnah, kaitafsiri Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, Kiswahili chake kitamu mno. Ila mhusika mkuu ni mvulana, Yusuf, kwa hiyo siyo ombi lako.

Mama Wino

Mpe mama yako Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert. Siyo riwaya na siyo kipya, najua, ila ni mwanamke mwenye kazi mwanzo mwisho. Kabla ya kuimba alikuwa anatembeza vyungu akivinadi, na sauti watu waliisikia kwanza kwenye kunadi hukohuko. Mwaka 1928 huyo kavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Kila nikikisoma najiuliza waandishi wetu wanangoja nini, riwaya nzima imekaa pale inaomba mtu: chungu kichwani, jua, na anavyoita wateja.

pumzi_ndefu

Mama Wino andika wewe.

Mama Wino

Mimi ni wa kusoma na kulalamika tu mwanangu.

KurasaMia

Mrejesho. Cha mama nimeshakiulizia. Mimi nimeanza na Halima jana saa tatu nikisema kurasa kumi tu, nimelala saa nane. Ni kweli anasema watu huyu mama, nusu ya msafara nimeshaambiwa aibu zao. Namwogopa huyo Wainwright anayekuja, kweli anachosha hivyo?

Mama Wino

Anachosha. Mvumilie.