Mtoto wa maskini akikaza kusoma, anatoboa kweli?

Msafiri wa Uvinza
Wakuu, tuambiane ukweli. Miaka nenda rudi tunaambiwa elimu ni ufunguo wa maisha. Chukua mtoto wa mkulima wa mihogo, awe Kasulu au Newala, mjini hana hata mjomba wa kufikia. Anasoma shule ya kata, anakaza, anapata Divisheni One, anafika chuo. Juhudi na shule peke yake zinatosha kumtoa, au tunawapa watoto ufunguo wa kufuli ambalo limeshabadilishwa? Njooni na hoja. Habari za "sisi tulitembea kilometa kumi" naomba zibaki huko huko.

Fundi Chaki
Anatoboa. Mtihani wa Form Four haumuulizi mtu baba yake ana ng'ombe wangapi. Yanahesabiwa masomo saba bora: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni One ni pointi 7 hadi 17, Two ni 18 hadi 21. C inaanzia alama 45. Mwanafunzi mwenye 45 katika masomo yote saba ana pointi 21, hiyo ni Divisheni Two, na Form Five anaitwa akiwa na C tatu za tahasusi yake, yaani masomo matatu atakayosoma huko. Arobaini na tano, ndugu zangu! Hazihitaji tuisheni ya Masaki. Zinahitaji ratiba, mitihani ya miaka mitano ya nyuma, na kuacha kulala. Kizazi cha akina Mkapa kilisomea koroboi na kikashika nchi. Wa leo ana simu mfukoni na analeta ziro nyumbani.

Binti Korosho
Mwalimu, nilikuwa na wewe mpaka ulipofika kwenye koroboi. Umewahi kuitazama lakini? Mkebe, kifuniko kilichotobolewa, mrija wa bati, utambi wa pamba. Ukiuvuta utambi upate mwanga, unatoa moshi. Ukiushusha, unasoma kivuli cha kidole chako. Mwanga wake unatosha daftari moja, na hapo mkekani wako watoto watatu. Asubuhi pua zote nyeusi. Halafu inakunywa: saa tatu kila usiku, robo lita haivuki wiki. Nyumba inayopaswa kuchagua kati ya chumvi na mafuta ya taa itanunua chumvi. Koroboi ni ukosefu wa taa. Msiigeuze mbinu ya kufaulu.

Mzee wa Reli ya Kati
Na hao wa koroboi msimalizie hadithi nusu. Waliofika sekondari enzi za Mwalimu Nyerere walilala bweni la serikali, walikula ugali wa serikali, na likizo walipewa waranti ya treni au basi kwenda na kurudi. Mzazi alitoa mtoto, basi. Wachache sana walichaguliwa, hilo kweli, lakini ukishachaguliwa umaskini wa baba yako ulikuwa unabaki stesheni.

Fundi Chaki
Dada Korosho, sijampa mtu medali ya koroboi. Nimesema bidii. Mnakimbilia vitu vidogo.

Binti Korosho
Umesema pia "kuacha kulala". Matokeo ya Form Four ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro, hadi serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Watoto wa nchi nzima walilala kwa pamoja mwaka ule?

Saketi Breka
Hizo koroboi mnazogombania zimepitwa. Kuunganishiwa umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ni 27,000. Nguzo na waya hadi kwenye mita ni juu ya mradi. Nyumba ya chumba kimoja au viwili haihitaji kusukiwa nyaya zote, inatosha UMETA, kile kibao kinachokuja tayari na breka yake, soketi na sehemu ya balbu. Hesabu: balbu ya wati 7 kwa saa tatu, siku 30, ni wati-saa 630, haifiki hata uniti moja. Mteja mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi analipa 100 kwa uniti. Weka VAT na vitozo vyake, mwezi mzima wa kusoma hauli shilingi mia. Tatizo la taa limekwisha. Kaeni mkasome.

Stakabadhi
Fundi, umesahau kodi ya jengo inayokatwa ukinunua umeme wa LUKU. 1,500 kila mwezi hata usipowasha.

Saketi Breka
Nyumba ya tope na nyasi haimo kwenye kodi hiyo. Soma kabla ya kunisahihisha.

Stakabadhi
Na nyumba ya tope na nyasi fundi wako anaingizaje umeme? Kwenye nyasi?

Saketi Breka
Kibao hakifungwi kwenye nyasi, kinafungwa ukutani. Waya unaotoka nguzoni unashikwa na kigingi cha mti kilichosimama nje, haulali juu ya paa. Kinachoharibu ni tamaa. Mtu anachomeka pasi, anachomeka na jiko la koili, breka inakata, anaifunga isikate. Hapo ndipo nyasi zinashika moto. Kwa balbu na simu hakuna shida yoyote.

Mlinda Lango
Mtaniwia radhi, naomba turudi kwa swali la Msafiri. Ada ilifutwa hadi Form Four kuanzia Januari 2016, na Form Five na Six zikafuata 2022. Vizuri sana. Lakini mtoto wa maskini haanguki kwa ada, anaanguka getini. Form Five mtoto anapangiwa shule ya mbali, wa Newala anatupwa Bukoba. Fomu ya kujiunga inakuja na orodha: godoro, shuka mbili, ndoo mbili, tranka na kufuli, sare mbili, viatu vyeusi, rimu ya karatasi, jembe au fyekeo. Nauli juu yake. Vyote vinatakiwa kwa wakati mmoja, ndani ya wiki chache, na korosho bado ziko mtini, zinauzwa Oktoba. Mkulima si kwamba hana hela kwa mwaka mzima, hana mwezi ule. Mwenye mshahara anakwenda kukopa SACCOS, mkulima anauza korosho kangomba, kwa mlanguzi anayezinunua zikiwa mtini kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo elimu bure imemgharimu msimu mzima.

Ruzuku nayo: shule ya msingi inapewa 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, sekondari 25,000. Hiyo elfu kumi ilipangwa wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, miaka ya 2002, ilipokuwa sawa na dola kumi hivi. Dola imepaa, elfu kumi imebaki elfu kumi, na sehemu yake inakatwa kabla kwa ajili ya vitabu. Pengo hilo mnalijua jina lake: "michango".

Jembe Halimtupi Mkulima
Kwa hiyo jembe nalo ni ukandamizaji? Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere mmeisahau? Vijana wa siku hizi wakiona jembe wanaita haki za binadamu.

Mlinda Lango
Mistari kumi na kitu nimeandika, wewe umeokota jembe.

Jembe Halimtupi Mkulima
Kwa sababu ndilo lililoniuma. Watoto wanalima bustani ya shule, wanakula mboga wenyewe. Ubaya uko wapi?

Tafsiri Sahihi
Mnagombania ndoo na majembe wakati lango kubwa ni lugha. Miaka saba mtoto anafundishwa kwa Kiswahili, Form One anageuziwa Kiingereza kwa kozi ya wiki chache. Darasa la sita alilijua usanisinuru, mizizi na majani yote. Form One anaandikiwa fotosinthesisi ubaoni, anadhani ni kiumbe kingine. Mtoto wa shule ya kulipia hajui zaidi yake, ila jina la kile anachokijua analo. Kwa hiyo 45 za Mwalimu Chaki kwa mmoja ni kukumbuka, kwa mwingine ni kukariri sentensi asiyoijua maana. Njia ipo: daftari la msamiati, maneno kumi kwa siku, kila neno na mchoro wake, sio tafsiri tupu. Wanaofanya hivyo wanaonekana Form Two. Lakini aliyepata mwalimu wa kumwambia hivyo tayari ana bahati, na bahati haikuwemo kwenye swali.

Fundi Chaki
Hapo kwenye daftari la msamiati nakubali. Kwenye jembe pia niko na mkulima.

Muhuri wa Kijiji
Wa chuo mnamruka. Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, haupotei kwa ubongo, unapotea kwa karatasi. Utaratibu: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwanza RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (wa Zanzibar ni ZCSRA). Ada ya maombi 30,000 kwa kontrolo namba. Namba ya Form Four iandikwe pamoja na mwaka wake. Fomu ichapwe, isainiwe na mwombaji na mdhamini, igongwe muhuri na serikali ya kijiji au mtaa, ithibitishwe na hakimu au wakili, kisha kurasa zenye sahihi zipandishwe tena kwenye mfumo. Yatima aweke cheti cha kifo, wa kaya maskini inayosaidiwa na TASAF aweke namba ya kaya.

Wanakwama hapa: jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi Juma Saidi, cha Form Four Hamis J. Said, kwa sababu darasa la kwanza mwalimu aliandika alivyosikia. Na yatima hana cheti cha kifo, kwa sababu baba alizikwa kijijini na hakuna aliyewaza karatasi siku ile. Mtoto wa mjini anamaliza hayo kwa siku mbili. Wa kijijini anakwenda wilayani mara nne, kila safari ina nauli, na dirisha linafungwa. Ushauri wangu: majina yarekebishwe akiwa Form Three, kabla hayajaingia kwenye usajili wa mtihani. Baada ya hapo ni kiapo juu ya kiapo.

Kaptula ya Khaki
Mkopo wenyewe mnausifia nini. Wakishapata wanalewa bumu, hela ya kujikimu, wiki mbili, wakimaliza wanakimbia deni.

Hati ya Mshahara
Bumu la siku 60 kwa elfu kumi kwa siku ni laki sita. Mtoto wa maskini halilewi, mdogo wake yuko Form Two na mama anapiga simu. Na deni halikimbiliki, linakatwa na mwajiri. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa 800,000, mfano tu:

PSSSF (pensheni) 5%: 40,000
PAYE (kodi ya mshahara) juu ya 760,000 zinazobaki: 68,000
NHIF (bima ya afya) 3%: 24,000
Chama cha wafanyakazi 2%: 16,000
HESLB 15%: 120,000

Anabaki na 532,000. Mwenzake wa meza ya pili, baba yake alimlipia ada taslimu, anabaki na 652,000. Elimu ileile, kazi ileile. Kama alikopa milioni 12, hiyo laki na ishirini anaikatwa miezi 100, miaka minane na ushee. Na miaka hiyohiyo ndiyo anayosomesha mdogo wake, ili naye asikope sana. Zamani makato yalikuwa 8% na kulikuwa na tozo ya 6% ya kulinda thamani. Tozo iliondolewa 2021, 15% ikabaki.

Kaptula ya Khaki
Mkopo si zawadi. Ulikopa, lipa.

Hati ya Mshahara
Nani kasema asilipe? Nimeonyesha kwamba wawili waliovuka mto mmoja, mmoja amefika na mtumbwi mgongoni.

Mzee wa Reli ya Kati
Na huyo walau ana ajira. Yuko mwenye digrii anayeomba kazi za serikali kwenye Ajira Portal mwaka wa nne, na kila usaili unafanyika mkoa mwingine.

Fundi Chaki
Hayo yote hayajafuta hoja yangu kwamba asiyesoma hali yake ni mbaya zaidi.

Binti Korosho
Hakuna aliyebisha hilo, Mwalimu. Unapigana na kivuli, tena cha koroboi.

Stakabadhi
Tukiwa hapohapo kwenye koroboi. Mnajua mafuta ya taa yalipandishwa makusudi? Wachakachuaji walikuwa wanayachanganya na dizeli kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo. Serikali badala ya kuwakamata ikapandisha ushuru, kutoka shilingi 52 hadi 400 na senti kwa lita. Malori yakachakachua, mtoto wa mkekani akalipa.

Kaptula ya Khaki
Ilikuwa 2013.

Stakabadhi
Bajeti ya 2011/12, ilisomwa Juni 2011.

Saketi Breka
Ndiyo maana nawaambia 27,000.

Msafiri wa Uvinza
Wakuu, nashukuru, ila huyu mtoto wangu wa mihogo mmemwacha wapi? Nilimwacha na Divisheni One, sasa naona yuko kwenye bajeti ya 2011.

Muhuri wa Kijiji
Yuko wilayani, anasubiri karani arudi kutoka chakula cha mchana.

Jembe Halimtupi Mkulima
Angekuwa na jembe asingesubiri.

Stakabadhi
Na wewe Binti Korosho, mkebe wa koroboi huwa wa dawa ya mbu, si wa maziwa.

Binti Korosho
Wapi nimesema maziwa? Nimeandika "mkebe", soma vizuri. Lakini kwa kuwa umeanza: ni wa maziwa. Wa dawa ya mbu ni mrefu, unaanguka.